Kitabu Kilichokatwa kama Mche wa Sabuni

"Hivi nyinyi humo ndani mnasoma au mnagombana?"

Swali hilo aliliuliza jirani yao, seremala, jioni moja, amesimama upande wa pili wa ua na randa mkononi, maranda yamemjaa ndevuni kama mtu aliyeota mvi kwa mara moja. Alikuwa amevumilia sana. Kelele za msumeno wake alizizoea, lakini kelele za nyumba ile zilikuwa na maneno ndani yake, na maneno hayo hayakumwacha apige msumari kwa utulivu. Mara asikie, "Mashuka ya upasuaji!" Mara, "Mwongo wewe!" Mara, "Kwa nini? Niambie kwa nini!" Mtu akisikia hivyo hujua kuna ndoa inavunjika, ila nyumba ile haikuwa na mwanamume hata mmoja.

Aliyemjibu ni Mama, mwenye nyumba, aliyekuwa ameketi kizingitini akichambua mchele.

"Vyote viwili, baba," alisema bila kuinua macho. "Kimoja hakiendi bila kingine. Wewe endelea kutengeneza kitanda chako."

Nyumba ile ilikuwa ya wanawake watatu. Wa kwanza ni huyo Mama, mjane wa siku nyingi, aliyelea watoto wake kwa kufua nguo za watu, na hakuwahi kuingia darasani hata kwa kupotea njia. Wa pili ni bintiye, aliyeolewa, akaachika, akarudi na sanduku lile lile alilotoka nalo, kilichoongezeka ni mdomo tu. Wa tatu ni mkwe, mke wa marehemu mwanawe. Mwana alipotangulia, Mungu amrehemu, watu walikaa wakisubiri kumwona mkwe akifunga virago. Hakufunga. Alisema, "Mungu amenichukulia mume, hakunichukulia mama," na tangu siku hiyo Mama hakumruhusu mtu yeyote amseme vibaya, isipokuwa yeye mwenyewe.

Mawifi hao wawili walifanya kazi pamoja katika chumba cha kufulia cha hospitali, na majina yao walipewa huko huko. Binti aliitwa Redio, kwa kuwa tangu anapofunga aproni asubuhi mpaka anapoifungua jioni alikuwa hewani. Mkwe aliitwa Pasi. Huyu alikuwa mtu wa kutazama sana na kusema kidogo, na jambo lolote alilipitia, akalirudia, kisha akalirudia tena, kama mtu anayenyoosha kola ya shati la bwana harusi.

Sasa, msimamizi wa chumba cha kufulia alikuwa anastaafu. Matroni, mkuu wa wauguzi, akatangaza kwamba mrithi wake atatoka humo humo, lakini si kwa umri wala kwa kujuana. Kutakuwa na mtihani wa kuandika, na atakayeshinda ndiye.

Kwa wengine hiyo ilikuwa habari ya cheo. Kwa Pasi ilikuwa habari ya mikono. Soda na dawa za kutoa madoa zilikuwa zimemla ngozi hadi vidole vikapasuka kama udongo wa kiangazi. Ilifika mahali akishika kitunguu, machozi yanamtoka kabla kitunguu chenyewe hakijaanza kazi yake. Daktari alimtazama, akatikisa kichwa, akamwambia, "Mama, chagua. Ama wewe uyaache maji ya dawa, ama mikono ikuache wewe." Na msimamizi hagusi maji. Msimamizi hukagua, hupanga zamu, hufungua na kufunga stoo. Pasi akapiga goti akamwomba Mungu nafasi ile, halafu, kwa kuwa alijua Mungu hapendi mtu anayeomba huku amekaa, akaenda kuulizia kitabu cha kusomea.

Redio naye aliitaka nafasi. Mikono yake ilikuwa mizima kabisa. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine: tangu shule ya msingi hadi ndoa, hakuwahi kufaulu mtihani wowote, na alitaka afaulu japo mmoja kabla hajazikwa.

Kitabu chenyewe kilikuwa mwongozo wa ufuaji wa nguo za hospitali, na nakala zilikuwa chache. Matroni aliwagawia watu, na alipowafikia wale mawifi akatoa kimoja. "Nyinyi mnakaa nyumba moja," alisema. "Mtasoma pamoja." Ilionekana wazi kwamba Matroni, pamoja na mambo yote aliyoyapitia duniani, hakuwahi kuwa na wifi.

Redio alisoma kwa sauti. Alisoma kama anayetangaza mpira: hapumui penye nukta, hapunguzi mwendo penye mkato, ukurasa ukiisha anafunua mwingine. "Sura tatu zimekwisha!" anatangaza. Ukimwuliza sura hizo zimesema nini, anajibu, "Zimesema mambo ya nguo." Katika wasikilizaji wake wote, yeye mwenyewe hakuwamo.

Pasi alisoma kwa kalamu nyekundu na rula. Akiona neno la maana, anapiga mstari chini yake. Halafu anaona neno linalofuata nalo si la kudharauliwa, analipigia pia. Mwishowe ukurasa wote ulikuwa mwekundu kama shuka lililotoka chumba cha upasuaji, na yeye yumo bado kwenye ukurasa ule ule, amerudi mstari wa juu kwa kuogopa umemtoroka. Kitabu kinaelekea wapi, kinaishia wapi, hakuwa na habari.

Matroni akawapa watu wote jaribio dogo la kuwapasha moto. Wakaanguka wote wawili. Pasi alijibu swali la kwanza kwa uzuri wa ajabu, neno kwa neno, mpaka koma za kitabu alizitia mahali pake. Alipoinua kichwa aanze la pili, karatasi zilikuwa zinakusanywa. Redio alijibu maswali yote, akaomba na karatasi ya nyongeza, ila hakujibu lililoulizwa hata moja.

Matroni aliwaita pembeni, kando ya mashine ya kukaushia.

"Nyinyi mnasoma au mnapitisha macho?"

"Tunasoma, Matroni," alisema Redio. "Waulize majirani."

"Majirani sitawauliza mambo ya chumba cha kufulia. Nikwambie? Kabla hujasoma, jiulize unatafuta nini humo. Hata sokoni huendi bila kujua umeishiwa nini. Ukimaliza ukurasa, funika kitabu, mweleze mtu asiyejua, kwa maneno yako mwenyewe. Akikuuliza kwa nini ukakwama, rudi. Bado hujasoma."

"Na mstari mwekundu?" aliuliza Pasi kwa sauti ndogo.

"Mstari ni wa kukumbushia, mama. Ukipigia kila kitu, umekumbuka nini?"

Walirudi nyumbani, kila mmoja akiamini maneno yale yamemlenga mwenzake.

Jioni hiyo walikaa kwenye mkeka, kitabu katikati.

"Wifi, fungua ukurasa mwingine," alisema Redio.

"Sijamaliza."

"Hujamaliza tangu juzi! Ukurasa huu ungekuwa mtoto, sasa hivi ungekuwa unatambaa."

"Na wewe umepita kitabu kizima kama mtu aliyekatiza soko akiwa ndani ya gari. Watu umewaona, kununua hukununua."

"Angalau mimi sokoni nimefika."

"Debe tupu haliachi kuvuma, wifi."

"Nalo lililojaa limekaa jikoni tangu lijae, halijatumwa popote!"

Redio alivuta, Pasi akashikilia. Pasi alishikilia kwa mikono ile ile mibovu, akauma meno, wala hakuachia. Jalada likaanza kulia.

Mama alikuwa karibu nao akikata mche wa sabuni kwa ajili ya kufua kesho yake. Alikuwa na kisu chake cha siku zote, na mkono uliozoea kugawa. Katika maisha yake alishagawa kila kitu: sabuni, kanga, chumba, na hata huzuni. Aliwatazama, akaweka kipande cha sabuni chini, akasema:

"Leteni hicho."

Walidhani anakificha. Mama alikilaza kitabu kwenye ubao wa sabuni, akakifungua katikati, akapitisha kisu mgongoni mara moja.

"Mama!" walipiga kelele wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kusema jambo moja kwa wakati mmoja.

"Kitabu hakikatwi, Mama!" Pasi alikuwa karibu kulia. "Cha hospitali hicho!"

"Mche nao ulikuwa mzima, na mnafulia vipande. Kitashonwa mtihani ukiisha. Nimeshona suruali zilizofika kwangu na hali mbaya kuliko hii." Akampa Pasi nusu ya mbele, akampa Redio nusu ya nyuma. Zote zilikuwa zinanukia sabuni. "Kila mtu asome chake, halafu amfundishe mwenzake. Na nikimkuta mtu na nusu ya mwenzake, nitajua kisu hiki kina kingine gani cha kukata."

Kwa Mama, sheria ikishasemwa mbele ya kisu haikatiwi rufaa.

Basi, kesho yake waligundua kisa cha pili. Maswali ya kitabu kizima, ya sura zote, yalikuwa yamechapwa kurasa za mwisho, yaani kwa Redio. Nayo majibu ya maswali ya mwanzo yalikuwa kwa Pasi. Redio akawa na maswali asiyoweza kuyajibu, na Pasi akawa na majibu ambayo hakuna aliyemwuliza.

Redio hakuwa mtu wa kukaa na swali tumboni. Alisimama mlangoni, nusu yake mkononi, akatangaza: "Swali! Kwa nini toroli la nguo chafu lisipite mlango mmoja na la nguo safi? Jibu, wifi, wasikilizaji wanakusubiri!"

Pasi akaingia kitabuni kutafuta. Na kwa kuwa safari hii alikuwa anatafuta kitu, rula ilibaki chini. Alipita vichwa vya habari, akaruka historia ya sabuni, akaruka picha za mashine, macho yakakimbia kama ya mama anayemtafuta mtoto wake kwenye lango la shule. Kila asiyekuwa wake alimpita bila kinyongo. Alipolipata jibu, alisoma aya ile mara moja tu, akafunga, akamweleza Redio kwa maneno yake. Redio akasema, "Enhe, kwa nini?" Pasi akakwama. Akarudi, akasoma, akaeleza tena. Alipokuja kushtuka amefunua kurasa nyingi bila kuziaga, kitu ambacho kilikuwa hakijawahi kumtokea.

Zamu ya Redio ilipofika, mambo yalikuwa tofauti.

Redio alikaa akawaza. Nafasi ni moja. Kumfundisha wifi vizuri ni kumnolea panga halafu kumwonyesha shingo. Akaona hapana, atamfundisha, lakini ndani ya ukweli atakuwa anatia na chumvi yake kidogo. Pasi naye, tusimsingizie, aliwahi kuwaza hivyo hivyo. Kisha akakumbuka kwamba jioni ile ile ana kusali, akaona ni tabu kwenda mbele za Mungu na uongo ambao bado una joto. Akaacha.

Uongo wa kwanza wa Redio ulikuwa wa haraka haraka.

"Shuka chafu," alisema, kitabu amekifunika kifuani, "kabla ya kuliingiza kwenye mashine, linakung'utwa dirishani."

"Kwa nini?"

"Kitabu kimesema."

"Kimesema kwa nini?"

"Kitabu si mume wangu, wifi, hata nikiulize kila kitu!"

Pasi akalitazama lile neno kama anavyotazama doa. "Kwangu, sura ya pili, wameeleza kwamba uchafu wa mgonjwa ukirushwa hewani unavutwa na watu puani. Sasa iweje mbele waseme usirushwe, nyuma waseme ukung'utwe? Kitabu kimoja hakiwezi kuwa na midomo miwili. Mwongo wewe!"

Hilo ndilo "mwongo wewe" la kwanza alilolisikia seremala.

Redio alirudi chumbani ameona haya. Haya yenyewe haikuwa ya kusema uongo, ilikuwa ya kukamatwa. Akafungua nusu yake, akaisoma tena ile sura, safari hii akitafuta mahali uongo unapoweza kukaa bila kuonekana. Na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Aligundua kwamba uongo mzuri hauwezi kusemwa na mtu asiyejua. Lazima ujue ukweli unasemaje, umetokea wapi, umeshikamana na nini, na mwenzako akiuliza kwa nini utamjibu vipi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Redio ilizunguka kitabu kizima.

Akaanza kusoma kimya. Alisoma kipande, akafunika, akajiuliza mwenyewe, "Akisema kwa nini, nitasema nini?" Akikosa jibu anarudi. Mama, aliposikia nyumba imetulia, aliingia akamwekea mkono kwenye paji la uso.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

"Nasoma, Mama."

"Mbona hatukusikii?"

Siku zilikwenda hivyo. Redio akileta uongo, Pasi anaupima. Uongo wa kufulia haukudumu, kwa kuwa mikono yao ilikuwa na miaka mingi majini. Redio alipodai damu ifuliwe kwanza kwa maji ya moto, Pasi hakufungua hata kitabu. "Damu ikipata moto inashika kama yai kwenye sufuria. Hilo hata shetani anajua, usimtie aibu." Uongo wa mambo mengine Pasi aliukamata kwa kulinganisha na nusu yake. Kila alichoambiwa alikuwa anakiweka kando ya alichokisoma, anatazama kama mishono inakutana. Redio akawa anakasirika kwelikweli, kama fundi anayerudishiwa nguo. Anakwenda, anasoma tena, anarudi na kilicho bora zaidi.

Hatimaye akaleta cha blanketi.

Stoo ya blanketi ilikuwa kazi ya msimamizi peke yake. Wote wawili hawakuwahi kuingia humo ila kwa kuchungulia. Redio aliketi, akafunika nusu yake, akasema kwa upole wa mwalimu:

"Blanketi safi linapowekwa kabatini, linakunjwa upande wa ndani uingie ndani. Upande wa nje ndio unaokutana na vumbi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu upande wa ndani ndio unaomgusa mgonjwa. Mbona kwako, sura ya kwanza, wamesema kinachomgusa mgonjwa kilindwe kuliko chochote?"

Pasi alitafuta. Kweli, walisema.

"Na upande wa ndani nitaujuaje?"

"Ule wenye lebo, wifi. Lebo inakaa ndani siku zote. Shati lako lebo iko wapi?"

Pasi alishika kola yake kwa nyuma. Lebo ilikuwa ndani. Alibisha bado, kwa kuwa ndiyo tabia yake. Alisema blanketi si shati, halina vifungo. Redio akasimama, akaleta blanketi la Mama, akakunja, akakunjua, akaonyesha vumbi linavyotua, linavyozuiwa, jasho likamtoka. Alieleza jioni nzima. Seremala upande wa pili aliacha kazi akasikiliza, na inasemekana tangu siku hiyo alianza kukunja blanketi lake namna hiyo. Mwishowe Pasi aliinua mikono.

"Haya, wifi. Nimeelewa. Hapa umenifundisha."

Redio akalala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Siku ya mtihani watu walikaa kwenye chumba cha kukunjia nguo, mmoja mmoja kwenye meza yake, Pasi pembe hii, Redio pembe ile. Pasi alisoma maswali yote kabla hajaandika lolote, akaona kila moja linataka nini, akaanza na yale aliyokuwa na uhakika nayo. Mikono ilimwuma kushika kalamu. Alifunga leso kwenye vidole, akaendelea. Redio aliandika bila kusogeza midomo.

Matokeo yalisomwa chumba cha kufulia, mchana ule ule, mashine zimezimwa. Matroni alisimama mbele ya makapu ya mashuka mabichi, miwani puani, karatasi mkononi, na uso wake haukuwa wa sherehe.

"Waliofaulu vizuri ni wawili," alisema, "na mmoja amemzidi mwenzake kidogo. Wanatoka nyumba moja."

Watu wakaguna. 

"Lakini hapa pana jambo. Niliuliza namna ya kutunza blanketi stoo. Hawa wawili wameandika kwamba blanketi likunjwe upande wa ndani uingie ndani. Upande wenye lebo." Alivua miwani. "Jamani, blanketi lina upande wa ndani?"

Chumba kikaangua kicheko. Matroni hakucheka.

"Kitabuni neno hilo halimo. Nimekitafuta mpaka kwenye jalada. Watu wawili hawawezi kuota ndoto moja. Kama mmoja amechungulia kwa mwenzake, zote mbili naziweka kando, na nafasi inakwenda kwa anayefuata." Aliyefuata ni mzee wa mashine ya kukaushia, ambaye kwenye karatasi yake aliandika jina, tarehe, na dua ndefu yenye mwandiko mzuri. Mzee aliposikia hivyo akarekebisha kola.

Pasi alielewa pale pale. Uongo wote aliukamata, huu ukampita mchana kweupe. Alimtazama wifi yake. Angesema, "Huyu ndiye aliyenidanganya," nani angemwamini? Na kama wangemwamini, angeirudia vipi nyumba ile, kwenye sahani moja, mbele ya Mama? Aliificha mikono yake nyuma ya aproni, akanyamaza, akamwachia Mungu.

Redio hakunyamaza.

"Matroni, samahani. Blanketi lina upande wa ndani."

"Lina?"

"Ule unaomgusa mgonjwa. Kinachomgusa mgonjwa kinalindwa, si ndivyo? Vumbi la kabatini linatua juu. Sasa ukiliacha litue upande ule ule utakaomfunika mtu mwenye kidonda, umefua nini?" Akanyakua blanketi kwenye meza, akakunja, akaonyesha lebo, akaeleza vumbi, akaeleza kidonda, akataja sura ya kwanza. Watu waliokuwa wakicheka wakaacha. Mmoja akaitikia kwa kichwa. Matroni mwenyewe alilishika lile blanketi akaligeuza.

"Hoja nzuri," alisema taratibu. "Umeisoma wapi?"

  Uso wa Redio ulikuwa wa mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima, kisha akaikuta puani.

"Sikuisoma," alisema. "Niliitunga."

"Uliitunga?"

"Nilimtungia huyu. Ili akose."



"Sasa kama uliitunga," Matroni alisema, "mbona na wewe umeiandika?"

"Alinibishia, Matroni! Hujui anavyobisha huyu. Kila kitu kwa nini, kwa nini. Nikamthibitishia jioni nzima mpaka akakubali. Kumbe alipokubali yeye, na mimi nilikuwa nimeshakubali."

Matroni alijaribu kuuzuia uso wake, ukamshinda. Alicheka mpaka akaegemea mashine. Kisha akafuta macho, akamgeukia Pasi.

"Na wewe, ulijua anakudanganya?"

"Mengine nilijua, Matroni. Niliyakamata kwa kulinganisha. Hilo lilinipita."

"Mengine. Yalikuwa mangapi?"

"Wewe acha tu, Matroni."

 Matroni akachukua dumu la dawa mpya iliyokuwa imeletwa asubuhi ile, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameifungua, akabandua karatasi yake ya maelekezo, akampa Pasi. "Soma. Halafu niambie."

Chumba chote kilimtazama. Pasi aliipokea karatasi. Jicho lake lilipita kwanza juu mpaka chini, likaona vichwa vya habari, likaona onyo lililo kwenye mraba. Akajiuliza: mtu wa chumba hiki anahitaji kujua nini hapa? Akasoma hicho. Akaikunja karatasi, akamrudishia.

"Hii isichanganywe na ile ya zamani," alisema, "kwa sababu zikikutana zinatoa moshi wa kuumiza kifua. Kwa hiyo beseni la zamani lisuuzwe kwanza, na dirisha liwe wazi. Kipimo sijakikariri, lakini kipo chini, upande wa kulia. Ni cha kubandika ukutani, si cha kubahatisha kichwani."

Matroni akampa Redio karatasi ile ile. Redio aliisoma kimya, akaifunika kwa kiganja, akaeleza vivyo hivyo kwa maneno mengine, akaongeza kwamba glavu ni lazima, jambo ambalo Pasi aliliruka.

"Basi," alisema Matroni. "Hawa hawakuibiana. Wamefundishana, ingawa Mungu ndiye anayejua kwa roho gani. Swali la blanketi wote wamelikosa. Mengine yanabaki kama yalivyo, na aliyezidi ni huyu." Akamwekea Pasi mkono begani. "Kuanzia leo msimamizi ni wewe. Maji tuachie sisi."

Watu wakapiga makofi. Mzee wa mashine ya kukaushia akairudisha kola yake chini.  Pasi alitazama juu, akamshukuru Mungu kwa midomo tu.

"Matroni," aliita Redio.

"Sema."

"Mimi nimefaulu, lakini? Hata kama wa pili?"

"Umefaulu. Vizuri sana."

"Iandikwe mahali."

"Imeandikwa."

Redio akaitikia kwa kichwa. Watu walianza kutawanyika, mashine moja ikawashwa, ikaanza kunguruma. Pasi alimsogelea wifi yake. Alikuwa na maneno mengi, ya kumshukuru na ya kumsuta, na hakujua yapi yatangulie.

"Wifi," alisema, "kwa nini..."

Redio alimtazama. Macho yake yakashuka kwenye mikono ile iliyofungwa leso, na wino wa mtihani ungali kwenye nyufa za vidole. Kando yao palikuwa na kapu la mashuka mabichi ya kusuuza, zamu ya Pasi ya mchana ule, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta. Redio akainama, akalipandisha kapu kiunoni, maji yakimchuruzika kwenye aproni, akausukuma mlango kwa bega, akatoka.